Tulipohamisha Siku ya Ngoma

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nimekaa katika ofisi yetu ndogo pale Ujiji, feni inazunguka bila kuleta upepo, na mbele yangu iko barua niliyoisoma mara tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa katibu wa Tamasha la Mwaloni, na nilikuwa na muhuri. Ukitaka kumjua binadamu, mpe muhuri. Mimi wangu niliugonga hata pasipotakiwa, nikaupuliza wino ukauke huku watu wakinitazama.

Barua ilitoka kwa shirika lililokuwa likitufadhili. Ilikuwa barua ya adabu, siwezi kuisema vibaya. Ilieleza kwamba wakimbizi wameanza kurejea makwao, kwa hiyo kazi za shirika mkoani kwetu zinafungwa, na tamasha lisitarajie msaada tena kuanzia mwaka ule. Walitushukuru kwa ushirikiano na kututakia kila la heri. Mambo ya miaka sita yakaishia kwenye nusu karatasi. Siku yetu ya tamasha ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, na tulikuwa tayari mwezi wa nne.

Ili unielewe, nikurudishe nyuma kidogo. Usiwe na haraka, chai bado ipo.

Pale kwetu mwaloni, ufukweni mitumbwi inapoegesha, wavuvi wa dagaa hufanya kazi wakati wa giza, yaani zile wiki zisizo na mbalamwezi. Wanatoka jua likizama, wanawasha karabai, dagaa wanaifuata taa, na asubuhi wanarudi na mzigo. Mwezi ukipevuka, ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi haimdanganyi dagaa yeyote. Basi kwa siku saba nane hivi mitumbwi hukaa nchi kavu. Wavuvi wanashona nyavu, wanakunywa kahawa, wanagombana na wake zao, na mchana wako macho kama watu wengine. Wanawake wanaoanika dagaa nao hawana cha kuanika. Ni wiki pekee ambayo mwalo mzima unapumzika, na ndiyo wiki iliyozaa tamasha letu.

Vita vilipowafukuza watu ng'ambo ya ziwa, walifika kwa mitumbwi, huyu na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, yule hata sufuria hana. Wengi walipelekwa kambini. Wachache walibaki mjini kwa ndugu na jamaa, maana Ujiji na ng'ambo ni watu wa kuoana tangu zamani. Mama yangu alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kuanika dagaa. Asubuhi moja alimkuta mwanamke amekaa juu ya mawe ya mwaloni na binti yake mdogo, akamwambia, "Hapo jua litakuuma, njoo nyumbani." Hawakuwa na undugu hata wa kuazima. Mwanamke yule ndiye Mama Furaha, akakaa nasi miaka, akajifunza kuanika dagaa, na kusema kweli akamshinda mama kwa wepesi wa mkono.

Mama Furaha alikuwa haimbi wala hachezi. Alikuwa anafanya kazi tu, kimya. Halafu ikaja wiki moja ya mbalamwezi, na Mzee Butoyi akatoa ngoma yake nje kama kawaida. Huyu Mzee Butoyi alikuwa Muha wa Mwamgongo, kijiji cha kaskazini kwetu, nahodha wa kundi moja la wavuvi waliokuwa wakiegesha kwetu. Alikuwa na mikono mipana, maneno machache. Alipiga mchana ule kujifurahisha tu, na wavuvi wenzake wakaitikia. Mama Furaha alikuwa anachota maji. Akaweka ndoo chini, akasikiliza, kisha akaanza wimbo wa kwao, na ngoma ikamfuata bila kuulizana. Wanawake wengine wa ng'ambo wakatoka kwenye nyumba walizokuwa wamejihifadhi, mmoja mmoja, wakajipanga nyuma yake. Mama yangu alilia kwa furaha, nami nikacheka kwa kumwona analia.

Wiki ya mbalamwezi iliyofuata wakarudia, na iliyofuata hivyo hivyo, mpaka ikawa kila mwaka kuna wiki moja kubwa kuliko nyingine zote. Makundi ya wavuvi yakawa yanashindana kwa ngoma. Watu wa Kalinzi, kule milimani, wakateremka na ndizi na kahawa yao. Boti za Mwamgongo zikaleta watu bure, kwa sababu zilikuwa hazina kazi nyingine. Wanawake wakapika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese, ukila hujui kimetoka chungu cha nani. Hatukuwa na mwenyekiti, na katibu hatukumhitaji.

Kisha shirika likatuona. Kijana wao mmoja alikuja kutazama, akapenda sana, akarudi na wakubwa zake. Sikulaumu kupenda kwake. Wakatuambia tuunde kamati, na mimi niliyekuwa na cheti changu na mwandiko mzuri nikachaguliwa katibu. Likaja jukwaa, zikaja spika, maturubai, viti vya plastiki, fulana za rangi ya chungwa, na posho kwa kila kikundi kitakachopanda jukwaani. Mwanangu, uliyezaliwa kwenye viti vya plastiki huwezi kujua vilivyotulevya. Waliozoea kukaa juu ya mchanga walikuwa wanavifuta kwa kanga kabla ya kukalia.

Shirika liliomba jambo moja tu, kwamba tamasha liwe na tarehe. Wageni wao wanatoka mbali, wanakata tiketi mapema, hawawezi kusubiri mwezi upevuke. Ombi lenyewe halikuwa baya. Nadhani kama ningewaeleza, wangeelewa, kwa kuwa walikuwa watu wa kusikiliza. Lakini sikueleza. Niliona aibu kuwaambia watu wenye kompyuta kwamba sisi ratiba yetu iko angani. Nikaandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri: Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Nikagonga muhuri.

Kwenye kikao Mzee Butoyi alinyanyua mkono. Akahesabu kwa vidole vyake, taratibu, kisha akasema, "Mwanangu, siku hiyo mwaka huu ni giza."

Nikamjibu mbele ya watu, "Baba, wavuvi hawawezi kuacha kazi usiku mmoja tu kwa ajili ya maendeleo?"

Watu wakacheka kidogo. Yeye akanitazama, akaketi. Vikao vilivyofuata hakuja. Baadaye nilisikia amehamishia kundi lake kwao Mwamgongo.

Nataka uelewe hapa kosa langu lilikuwa wapi. Sikukosa kwa kutojua. Nilikuwa mtoto wa mwanika dagaa, nimekua nikinuka dagaa, shuleni waliniita Zuhura Dagaa mpaka nikamchukia mama kwa kazi yake. Nilijua kwamba wakati wa giza mvuvi haachi usiku hata mmoja, kwa sababu usiku huo mmoja ndio karo na ndio dawa ya mtoto. Nilijua kwamba asubuhi yake wanawake hawawezi kuondoka mchangani, maana dagaa hawasubiri. Usipowageuza mapema wanaoza, na wakioza umelisha kunguru. Yote hayo niliyajua, nikayakanyaga kwa sababu nilitaka kuonekana mtu wa tarehe.

Miaka sita tamasha likafanyika kwenye Jumamosi yangu. Viti vilijaa. Vikundi vilisajiliwa, vijana wa Mwanga, kule mjini, wakafanya mazoezi kwa spika, wakashona sare, wakacheza vizuri tu. Mwaka mmoja kwa bahati tarehe iliangukia wiki ya mbalamwezi, watu wakafurika mpaka majini, na sisi kamati tukaandika kwenye ripoti kwamba ni matunda ya matangazo ya redio. Mwaka uliofuata giza likarudi na watu wa mwalo wakapotea, tukaandika kwamba mwamko umeshuka. Ujinga wa aliyesoma una mwandiko mzuri, mwanangu.

Na mama? Mama alikuwa mchangani, hatua mia tatu kutoka jukwaani, anageuza dagaa yeye na Mama Furaha. Mimi nimevaa gauni la kushonesha, nashika maikrofoni, nasema "ndugu wageni waalikwa". Sijawahi kumuuliza kwa nini haji. Nadhani ndani ya moyo wangu ilinifaa asije, asije akaketi karibu na wageni na harufu yake. Nimeshakuwa mzee, sina wa kumwogopa, ndiyo maana nakwambia.

Sasa rudi kwenye ile barua. Jioni niliingia nyumbani nayo, nikawakuta mama na Mama Furaha uani wanachambua mawe kwenye dagaa. Nikawasomea. Mama akaendelea kuchambua. Mama Furaha akafuta mikono.

"Zuhura," akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "hata mungepata pesa yote ya dunia, sisi mwezi wa saba hatuko hapa. Tumeshaandikwa. Meli yetu inakuya mwisho wa mwezi wa tano."

Nilikuwa najua kwamba amejiandikisha kurudi. Sikuwa nimeijua siku.

"Mimi niliingia inchi hii nikilia," akasema. "Nilitaka nitoke nikicheza. Mara moja tu, na ile ngoma ya mzee. Miaka sita sijaisikia."

"Mtacheza," nikamwambia.

"Na nani?"

Ahadi ilishatoka mdomoni, na mama yangu aliinua macho akanitazama kwa mara ya kwanza jioni ile. Ahadi ni deni, na mimi nilijua sina cha kulipia.

Nikafanya nililolijua, nikaandika barua. Nikazunguka Mwanga sokoni, duka kwa duka, na karatasi zangu ndani ya faili. Wafanyabiashara walinipa soda na pole. Mmoja, muuza vitenge, mtu mzima mwenye heshima zake, aliisoma barua yangu mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Hili tamasha ni la nani?" Nikamwambia la wananchi. Akauliza, "Wako wapi?" Nikakasirika, nikaondoka, nikamsema njia nzima. Leo namwombea dua.

Mwisho nikaona hakuna njia ila nimfuate Mzee Butoyi. Nikapanda boti ya mizigo alfajiri, milima ya Gombe mkono wa kulia, nikashuka Mwamgongo yapata saa nne na nusu. Nilijipanga kwa maneno. Nyumbani kwake nikamkuta mkewe, mama mnene mwenye sauti ya chini, anatandaza dagaa juu ya kokoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatoka wapi, mwana?"

"Ujiji. Namwomba mzee, nina mazungumzo naye ya haraka."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. "Unatoka Ujiji," akasema, "na unamuulizia mvuvi saa hizi, wakati wa giza? Umezaliwa Ujiji ipi wewe?"

Mwanangu, niliona ardhi inanimeza. Mzee alikuwa amerudi kutoka ziwani asubuhi, amelala. Mtoto wa mwaloni wa miaka mitatu anajua kwamba saa hizo watu hutembea kwa kunyata. Na mimi nimekuja na viatu vya kisigino, nataka aamshwe kwa mambo ya haraka. Siku zile zote nilidhani nimeacha tu harufu ya dagaa. Kumbe nilikuwa nimeacha hata saa zao.

Nikavua viatu. Nikainama, nikaanza kumsaidia kugeuza dagaa. Mgongo uliniuma kabla hata saa nzima haijapita, mikono yangu ya ofisini ikachubuka, na yule mama hakunionea huruma hata kidogo. Tuligeuza mpaka jua likapita utosini. Alipoona ninajua kutenganisha waliokauka na wabichi kwa kuwagusa tu, bila kutazama, akasema, "Ego," ndiyo ya Kiha hiyo, "kumbe umefunzwa." Nikajisikia kulia. Hajawahi mtu kunisifu hivyo kwa ripoti zangu.

Mzee Butoyi aliamka alasiri. Akanawa, akaswaki, akaagiza tuletewe ugali. Tulikula. Kisha akasema, "Sema, mwanangu."

Nikasema. Shirika limeondoka, nikamwambia. Mwaka huu hakuna posho wala usafiri, na tunawaomba makundi ya wavuvi wajitolee kuja kupiga ngoma, kwa ajili ya utamaduni wetu, na kwa ajili ya akina Mama Furaha wanaoondoka. Nilisema vizuri. Nilikuwa fundi wa kusema.

"Tujitolee," akarudia.

"Ndiyo, baba."

"Kabla ya hapo tulikuwa tunafanya nini?"

Nikaviangalia vidole vyangu vilivyochubuka.

"Umeukunja mkeka wa mtu," akasema, polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Umemtandikia mgeni msala wake mzuri. Mgeni kaondoka na msala wake, na haki anayo, ni wake. Sasa unarudi kwa mwenye mkeka unamwomba ajitolee kukaa. Ile siku nilikwambia ni giza. Mtu asiyejua ningemfundisha. Wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua, baba."

"Basi usiilaumu barua."

Chini, mwaloni, vijana wake walikuwa wameanza kupampu karabai na kupakia nyavu. Akawatazama kidogo, akasimama, akajinyoosha mgongo. Nilidhani amemaliza.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Aliwahi kukaa kwenye vile viti vyenu?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi na wakubwa wengi, wengine wamenitisha kwa kazi yangu. Hakuna lililonivunja kama lile. Nililia mbele ya mke wa mtu na vijana wa watu, kamasi zinatoka, na ule ufundi wa kusema ukaniishia wote. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo kwa watoto wa shule siku ya tamasha, kwenye maikrofoni.

Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akasema, "Zimebaki siku kumi na moja mwezi upevuke. Sisi tutakuwa nchi kavu. Barua usiniandikie." Akateremka kwenye mtumbwi wake. Sikujua kama amekubali au amekataa.

Nililala kwao, asubuhi nikarudi na boti ya kwanza. Sikwenda ofisini. Nilikwenda moja kwa moja mchangani, mama yuko pale, kichwa chini, kanga imefungwa kiunoni.

"Mama, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa zile Jumamosi."

Hakunyanyuka. Nilihesabu nyuma ya mgongo wake dagaa akiwageuza, huyu, huyu, huyu. Kisha akasema, "Shika ule ungo." Nikaushika. Tukafanya kazi mpaka adhuhuri, na katikati akanisimulia habari za bei ya dagaa kama vile sijasema kitu. Kwa mama yangu huo ndio ulikuwa msamaha, na mpaka leo sijapata mwingine mtamu kama huo.

Siku zile kumi na moja nilitembea mwalo mzima kwa miguu, pekupeku. Sikuita kikao. Kwa kila kundi la wavuvi nilikaa nje saa za kuamka, nikasema kosa langu kwa ufupi, nikaondoka. Wengine walinipokea. Mmoja alinitukana, nikasema ahsante. Kwa wanawake wa dagaa nilisema huku nageuza, kwa sababu nilishajua kwamba mwanamke wa dagaa hamsikilizi mtu aliyesimama wima. Ule muhuri niliutumia mara moja tu, kuombea kibali kwa mtendaji. Wajumbe wenzangu wa kamati walipoona hakuna fulana wala jukwaa, wakasema nimeharibikiwa, wakakaa kwao. Siwalaumu. Hata mimi kuna saa nilijiambia nimeharibikiwa.

Wiki ya mbalamwezi ikaingia. Siku ya kwanza hakuna aliyekuja, ila watu wanashona nyavu. Ya pili vivyo hivyo. Mama Furaha alikuwa ameshafunga mizigo, vifurushi vitatu na ile sufuria, na alikuwa hanidai lolote, jambo ambalo lilinikosesha raha zaidi kuliko kama angenidai. Nikamwambia, "Subiri." Akanijibu, "Nasubiri, mdogo wangu. Niliisha kuzoea kusubiri."

Siku ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, tuliona boti tatu zinakunja kona kutoka kaskazini. Tatu tu, enzi za nyuma zilikuwa zinafika kumi na zaidi. Wengi walibaki kwao na kinyongo chao, na kilikuwa kinyongo cha haki. Lakini katika ile ya mbele kulikuwa na ngoma imefunikwa gunia, na mwenye ngoma amekaa kando yake ananyoosha mgongo.

Siwezi kukusimulia yote. Mzee Butoyi hakuhutubia wala hakuniuliza ratiba. Aliipasha moto ngoma yake, akaijaribu kwa kiganja, akapiga. Mama Furaha akatoka uani kwetu akikimbia, mtu mzima yule, na nyuma yake wanawake wa ng'ambo, kumi hivi waliobaki. Walicheza juu ya mchanga ule ule wanapoanikia dagaa miaka yote. Wanawake wa Ujiji wakaingia mstarini. Watu wa Kalinzi walipata habari jioni wakaja kesho yake na mikungu ya ndizi mabegani. Siku mbili watu hawakulala sana wala hawakufanya kazi, na hakuna aliyepanda juu ya mwenzake ili aonekane, kwa kuwa hapakuwa na pa kupandia.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na daftari langu, kwa mazoea tu, sina cha kuandika. Nikahisi mtu amesimama kando yangu. Alikuwa mama. Amevaa kanga mpya, amepaka wanja, jasho linamtiririka, maana alishacheza mpaka pumzi zimekata. Akatazama watu, akatazama ngoma, kisha akanigeukia.

"Kumbe hii ndiyo kazi uliyokuwa unafanya," akasema. "Ni kazi nzuri."

Miaka sita, mwanangu. Miaka sita nimeshika maikrofoni hatua mia tatu kutoka alipokuwa, na ile ndiyo mara ya kwanza mama yangu kuiona kazi yangu.

Meli yao iliondoka wiki mbili baadaye. Giza lilikuwa limesharudi, dagaa walikuwa wameanikwa, kwa hiyo mimi na mama hatukwenda bandarini. Tuliagana na Mama Furaha nyumbani, kabla ya jua, tukamfunga chakula cha njiani. Alicheka siku ile, alituchekesha hata sisi. Mchana tukasikia honi ya meli kutoka upande wa Kigoma. Mama akasimama wima, akakinga jua kwa mkono, akatazama ziwa mpaka akatosheka. Kisha tukaendelea na kazi.

Wote hao sasa hawapo. Mzee Butoyi alitangulia, mama akamfuata, na Mama Furaha nilisikia tu kwamba alifika salama na kwamba binti yake aliolewa. Nikikaa nyumbani jioni, wiki za mbalamwezi, ukimya ule wa boti zisizokwenda kazini unanirudisha pale, na naikosa miaka ile, mwanangu, pamoja na shida zake zote. Naikosa sana.

Nasikia na nyinyi mfadhili wenu amejitoa mwaka huu, na vijana wa kamati mmekunja nyuso. Nisikilize. Mfadhili akija, mpokee vizuri, mpe kiti, mle pamoja, kwani mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini kabla hajakuuliza tarehe, mwambie siku yenu ni ipi na kwa nini. Usione haya. Mtu wa maana akielezwa huelewa, na asiyetaka kuelewa fedha zake zitawagharimu. Siku ya watu usiihamishe kwa kalamu. Mzee akihesabu vidole kwenye kikao, msubiri afike mwisho. Na ukikosea, maana utakosea, usiitishe mkutano wa kuomba radhi. Vua viatu, nenda ukainame pale walipo wanaofanya kazi, ushike ungo. Na siku utakapoona viti vyote vimejaa, kabla hujafurahi, uliza mama yako amekaa wapi.

Mungu akupe mikono isiyoona aibu ya kazi iliyokulea. Akupe wazee wa kukukemea ungali na muda wa kurudi. Akulinde na sifa za mbali, akujalie za karibu. Na siku utakaposimama mbele ya watu, mwanangu, walio wako wawe wamepata nafasi ya kuja kukuona. Amina.